Ramani Isiyo na Muhuri

"Watu wa X hao! Watu wa X!"

Mtoto aliyepiga kelele hiyo hajafika hata darasa la tatu, na kidole alichoninyooshea kilikuwa bado kina mafuta ya kitumbua. Sikuwahi hata kugeuka. Mlango uliokuwa mbele yangu ulifungwa kwa kishindo, komeo likalia, na sauti ya mama mtu mzima ikatoa amri kutoka ndani: "Zawadi, leta ule mfuko wa hati!" Hiyo ni Jumamosi iliyopita, asubuhi kweupe, na mpaka leo nikipita mtaa ule nashusha kofia mpaka kwenye nyusi.

Mtaa wenyewe uko Magomeni, kwenye ule upande unaoteremkia bonde la Msimbazi. Jina silitaji, maana ndiko ninakonunua mkaa. Mikononi nilikuwa na ramani ya karatasi niliyoitandaza, karibu mita moja kwa mita moja, na maka peni nyekundu. Muda mfupi kabla ya kelele nilikuwa nimefanya jambo ambalo kila mwenye ramani hulifanya: niliweka alama mahali niliposimama. Alama ikawa X. Na X ile, pale karatasini, ilikaa sawasawa juu ya paa la yule mama.

Aliyenitia kwenye balaa hili ni shangazi yangu wa Tanga. Kila mwaka kabla ya Ramadhani huja kununua vitambaa Kariakoo. Anatumia kitochi, na haulizi njia. Zamani alikuwa akiuliza, mpaka siku moja Mtaa wa Kongo kijana mwenye adabu sana alimwelekeza njia, akambebea mzigo, na kabla hawajaagana akamuuzia simu ya kupapasa kwa bei ya undugu, ndani ya boksi lake lililofungwa. Boksi lilipofunguliwa Magomeni lilitoa kipande cha sabuni ya mche, kimechongwa kwa ustadi hata kona zake zikawa za mviringo. Tangu siku hiyo msimamo wake haujabadilika. "Mwanangu," aliniambia kwa simu wiki iliyopita, "sitaki mtu wa kunielekeza. Nitafutie karatasi."

Karatasi! Duka la kwanza la vitabu walinipa ramani ya Afrika. La pili walikuwa na ya Tanzania, ya kutundika ukutani, mikoa kwa rangi na marais wamepangwa pembeni. Ramani ya mji huu ninaolala na kuamka ndani yake, yenye Magomeni na Kariakoo na njia ya kutoka huku kwenda kule, hawakuwa nayo. Muuzaji alinitazama kwa jicho ambalo wakati ule sikulielewa, akaniuliza, "Ya nini?"

Basi nikaifanya kazi mwenyewe, na humo ndimo nilimopotelea kwa raha. Ipo ramani ya dunia nzima inayochorwa na watu wa kujitolea, OpenStreetMap, iliyoanzia Uingereza mwaka 2004. Yeyote anaweza kuongeza kichochoro chake. Na ipo programu ya bure iliyotungwa na Wafaransa mwaka 2009, MapOSMatic, ambayo haina shughuli nyingine duniani isipokuwa kugeuza kipande cha ramani hiyo kuwa karatasi. Unachora mstatili kuzunguka eneo unalolitaka, unachagua ukubwa wa karatasi, unasubiri. Yenyewe inaligawa eneo katika miraba, inaandika herufi upande mmoja na namba upande wa pili, kisha (hapa nilisimama nikawaita watu wa nyumbani waje waone, hawakuja) inaokota kila mtaa wenye jina, inaipanga yote kwa alfabeti, na mbele ya kila mmoja inaandika mraba wake. Unataka Mtaa wa Ifunda, ilipo nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere miaka ya harakati za Uhuru na ambayo leo ni makumbusho? Faharasa inakutajia herufi na namba, unapeleka kidole kimoja huku na kingine kule, vinapokutana umefika. Hakuna bando, hakuna chaji. Faharasa yangu ilikuwa na kituko kimoja tu: kwa kuwa wachoraji wengine waliandika jina tupu na wengine wakaanza na "Mtaa wa", herufi M peke yake ilijaza safu nzima, na herufi nyingine zikagawana kilichobaki.

Halafu kuna suala la skeli, ambalo lilinikosesha usingizi kwa namna nzuri. Kwenye skeli ya 1:10,000, sentimita moja ya karatasi ni mita 100 za ardhi, na A4 moja inabeba karibu kilomita tatu kwa mbili. Magomeni, bonde na Kariakoo vinaingia kwa kubanana. Lakini vichochoro vinakuwa nyuzi, na miwani ya shangazi ni ya kuazima. Ukishuka mpaka 1:2,500, sentimita moja inakuwa mita 25. Sasa nyumba zinaonekana mojamoja, mpaka vibanda, mpaka ua unaoachana na ua mwenzake. Gharama yake ni kwamba A4 moja inabeba mita 740 kwa 525 tu, na safari ya shangazi inataka karatasi kumi na mbili zilizoungwa. Nikachagua nyumba zionekane. Naomba msomaji alishike hilo, kwamba nilitaka nyumba zionekane, na nilitaka kwa nia njema.

Kijana wa steshenari alinipokea vizuri. Lakini printa zina mambo mawili ambayo hakuna anayekuambia mpaka yakukute. La kwanza, printa nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni. Huacha utepe mweupe pande zote, kwa hiyo ramani ya vipande lazima ipishane, kila karatasi irudie kidogo eneo la jirani yake, la sivyo kuna ardhi inapotea kati ya karatasi na karatasi. La pili, kompyuta kwa hisani yake huipunguza picha ili ienee ndani ya utepe huo, na mtu asipoondoa tiki fulani, sentimita yako haiwi tena mita 25. Inakuwa 26, na upuuzi kidogo juu yake. Kijana aliiondoa tiki kwenye karatasi za mwanzo. Kisha wakaingia watu wa kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa, foleni ikafika barabarani, na karatasi za mwisho zikatoka na tiki yake. Nilipozigundisha sebuleni, Barabara ya Morogoro ilishuka vizuri kutoka Mwembechai, ikapita Usalama, ikafika Mapipa, ikaruka nusu sentimita kushoto bila sababu, ikaendelea, na ilipofika bondeni utepe mweupe ukalimeza daraja la Jangwani lote. Mto Msimbazi hulimeza kila mvua kubwa, kwa hiyo sikuona haja ya kurudia.

Jumamosi nikatoka kuijaribu kwa miguu kabla ya kumkabidhi mzee wa watu. Na hapo ndipo mtoto wa kitumbua aliponiona.

Umati wa Magomeni haukusanyiki, unatokea. Sikuona mtu akija. Niliona tu kwamba wapo: vijana wa kijiwe cha bodaboda, mama wa maandazi na koleo lake mkononi, fundi baiskeli, mzee wa baraghashia aliyetoka na kikombe cha kahawa bila kumwaga tone. Wote walikuwa wakitazama maka peni.

"Nyekundu," alisema mzee.

"Nyekundu hailipwi," alidakia fundi.

"Angekuja japo na ya kijani," mama wa maandazi akasikitika, tena kwa huruma ya kweli.

Sikujua walichokuwa wakiongea. Nikaelezwa palepale, na somo lilikuwa safi kuliko semina yoyote niliyowahi kulipiwa nauli. Barabara kuu haiishii pale lami inapoishia. Pembeni yake kuna hifadhi ya barabara, ambayo haionekani kwa macho, inapimwa kutoka mstari wa katikati. Kwa miaka mingi hifadhi hiyo ilikuwa mita 22.5 kila upande. Ikaja Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, ikaisogeza mpaka mita 30. Kwa hiyo mwenye nyumba anaweza kulala usiku akiwa nje ya barabara, akaamka yumo, naye hajasogea hata kitanda. Serikali ikaona si haki kuwatia watu wote kapu moja, na hapo rangi zikaanza kazi. Aliye ndani ya zile mita 22.5 za zamani huandikiwa X nyekundu: amevamia, avunje, hana fidia. Aliye kwenye zile saba na nusu zilizoongezwa huandikiwa X ya kijani: sheria ndiyo iliyomfuata, kwa hiyo eneo lake likihitajika atalipwa. Mzee wa baraghashia alinielezea yote hayo akipima kwa hatua za miguu pale uchochoroni, na alipofika hatua ya mwisho akaipigapiga chini kwa kiatu ili niisikie.

"Na Morogoro Road ina ya kwake," aliongeza. Ni kweli. Kule Kimara hadi Kiluvya, bomoabomoa ya mwaka 2017, hifadhi iliyodaiwa ilizidi mita 120 kila upande, na watu waliokuwa na nyumba ambazo toka barazani huoni barabara walijikuta wamejenga barabarani.

Umati ule, lakini, haukuwa na woga wa barabara peke yake. Desemba 2011 mto ulipanda, watu wakafa, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 zikaja X za bondeni, na nyuma ya X yakaja matingatinga. Mtaa ule uko juu kidogo ya mstari wa bonde, na watu wake waliyatazama yote mawili wakiwa wamesimama barazani kwao. Mtoto wa kitumbua alikuwa hajazaliwa. Amelirithi neno hilo pamoja na vyombo vya nyumba.

Mlango ukafunguliwa. Mama akatoka na mfuko wa rambo uliosalimika na katazo la mwaka 2019, na ndani ya mfuko mlikuwa na maisha yake: leseni ya makazi, risiti za kodi ya jengo toka enzi za karatasi, barua ya mjumbe, na picha ya marehemu mumewe amesimama juu ya msingi wa nyumba, suruali imekunjwa mpaka magotini.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Humu ndani huingii."

Nikajitetea. Nilisema ramani ni ya shangazi. Nilisema shangazi anakuja kununua vitambaa. Nilisikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyokuwa yakitoka. Kijana mmoja wa bodaboda akaikagua karatasi mbele na nyuma, akatoa hukumu: "Haina muhuri."

Hapo mzee akaweka kikombe chini, akanifungia njia zote kwa mantiki ambayo mpaka leo sijapata jibu lake. "Ingekuwa na muhuri," alisema taratibu, "wewe ungekuwa wa serikali, na tungejua umekuja kubomoa. Haina muhuri, kwa hiyo si wa serikali. Sasa mtu asiye wa serikali, anatembea na ramani inayoonyesha nyumba za watu mojamoja, anaziwekea alama. Huyo ni tapeli wa viwanja." Akachukua kikombe chake. "Chagua."

Nilipelekwa ofisi ya serikali ya mtaa, ramani mbele imebebwa na vijana wawili, kila mmoja na ncha yake, mimi nyuma, maka peni ikiwa mikononi mwa mama wa maandazi, ameishika kwa koleo.

Mwenyekiti ni mtu mstaarabu. Alinipa kiti, akaitandaza ramani mezani, ikafunika meza, simu yake na chai yake. Akatafuta nyumba yake. Akaipata. Akafurahi mno, akampigia mkewe. Kisha akakumbuka kwamba madirishani kuna watu.

"Unakaa wapi wewe?"

Nikamwonyesha kwa kidole: paa hili hapa, la tatu kutoka kona.

"Hapana. Chora." Akanisogezea karatasi tupu.

Kila aliyewahi kufungua akaunti, kuomba mkopo au kuomba kuvutiwa umeme anaijua kazi hiyo: chora ramani ya kufika nyumbani kwako. Basi nikiwa na paa langu mbele yangu, limepimwa kutoka angani, nikachora kwa mkono. Msikiti. Mshale. Duka la dawa. Mshale. Kibanda cha chipsi. Mwarobaini. Nyumba yenye geti la bluu. Mwenyekiti akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaigongea muhuri. Mchoro ukatolewa dirishani, ukapita mkono kwa mkono, na sauti zikashuka zenyewe. "Kumbe jirani yake muuza chipsi!" Nikaachiwa. Maka peni sikurudishiwa.

Nililala nikiufikiria ule mchoro. Hauna skeli, hauna kaskazini. Msikiti nilioanza nao, ukiupima, uko mbali na duka la dawa mara nne kuliko nilivyochora. Lakini una vitu vyote ambavyo mgeni atavikuta akitembea, kwa mpangilio atakaovikuta, na hauna hata kimoja ambacho hatakihitaji. Mji huu wote umehifadhiwa hivyo, vichwani mwa makonda na bodaboda, na ndiyo maana hata baada ya Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, iliyopigilia namba milangoni na kusimamisha vibao vya mitaa, mtu akiagiza gesi bado anamwambia kijana, "Njoo mpaka palipokuwa na mwembe."

Nilicheka siku ile. Siku ya pili kicheko kiligoma, kwa sababu ya swali moja. Yule mama alikuja mpaka ofisini, na kabla sijaondoka aliisogelea ramani, akatafuta, akaweka kidole kwenye paa lake lenye X yangu, na kuuliza kwa sauti ya chini, "Hii, wao wanayo?"

Nikamwambia wanayo, na nzuri kuliko yangu.

"Basi mbona sisi hatunayo?"

Na kweli. Umeme wa LUKU unaijua nyumba yake. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo, anunue uniti za elfu mbili au za elfu ishirini. Leseni yake ya makazi ina namba. Mlango wake una kibao. Kila karatasi katika ule mfuko inathibitisha kwamba serikali inajua alipo mpaka kwa hatua. Lakini mstari wa mita 22.5, na ule wa 30, na ule wa bonde, yeye hajawahi kuonyeshwa umepita wapi. Mstari huo hauchorwi ardhini siku inapotungwa sheria. Unachorwa siku ya mwisho, kwa rangi, ukutani kwako. Miaka yote kabla ya hapo umekaa kwenye ramani iliyoko ofisini, na mwenye nyumba anaambiwa alipaswa kujua. Alipaswa kujua kutoka wapi?

Kinachouma zaidi ni kwamba watu wa mabonde haya wamesaidia kuchora. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi waliipima Tandale pamoja na wakazi wake. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na vijana wa mitaa, ukiungwa mkono na Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu na Tume ya Sayansi na Teknolojia, wakaingia kwenye kata zinazofurika, wakawauliza wazee maji hufika wapi. Namna walivyofanya kazi ni ya kupendeza kuliko hata ile faharasa yangu. Walichapa ramani kwenye karatasi za kawaida, kila moja ina kialama cha miraba myeusi pembeni, cha aina ile inayosomwa na simu. Unatembea nayo, unachora kwa kalamu mfereji, kisima, choo cha umma, kichochoro. Ukirudi unaipiga picha, kompyuta inasoma kile kialama, inajua karatasi hiyo ni ya kipande gani cha dunia, na inaurudisha mwandiko wako mahali pake halisi ili mtu aufuatishe. Wazo hilo lilitungwa Marekani mwaka 2009 na Michal Migurski, akaliita Walking Papers. Baadaye likaboreshwa na kuitwa Field Papers. Angalau mara moja karatasi ilienda bondeni kuuliza badala ya kuamuru. Zile nyumba ninazoziona mojamoja kwenye 1:2,500, kuna kijana aliyekanyaga tope ili zionekane.

Lakini mwaka ulikuwa uleule, 2015. Huku wanafunzi na karatasi, wakitafuta maji yapite wapi. Kule Desemba, watu na rangi. Kwa aliyekaa barazani wote walikuwa ni wageni wenye vizibao vya kung'aa waliokuwa wakitazama karatasi, kisha nyumba, kisha karatasi. Mimi sikuvaa kizibao, ila nilitazama karatasi, kisha nyumba, kisha karatasi. Mtoto alisoma vizuri kabisa alichokiona.

Shangazi akafika Jumatatu. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha. Nikamwambia juu ya karatasi ni kaskazini. "Kaskazini ndiyo wapi?" akauliza. Kabla sijatafuta jua, akajijibu, "Msikiti ule kibla chake kiko vile, si ndiyo?" Akaigeuza ramani, sehemu yake ya juu ikaelekea kibla, ikakaa sawa na mitaa. Nilikwenda kuhesabu baadaye. Makka iko karibu juu ya longitudo ya Dar es Salaam. Kibla cha hapa kinapishana na kaskazini halisi kwa kama digrii moja tu kuelekea mashariki. Kosa hilo ni dogo kuliko lile la tiki ya printa. Kila msikiti wa Magomeni na Kariakoo ni dira iliyojengwa kwa matofali, na mimi nilikuwa nimepakua programu ya dira kwenye simu.

Akapanda mwendokasi Mapipa akiwa peke yake, ramani imekunjwa kwapani. Alijua kwamba karibu na Mapipa ndipo tawi la Morocco linapoachana na Barabara ya Morogoro kushika Barabara ya Kawawa, kwa hiyo hakupanda basi la kwanza lililosimama. Alijua kwamba Fire njia inapasuka, moja inakwenda Kivukoni na nyingine inashuka Mtaa wa Msimbazi hadi Gerezani. Akashuka kituo cha Msimbazi, akanunua vitambaa, akarudi kabla ya adhuhuri na chenji kamili.

Yaliyobaki ni madogo, ya siku nilipotoka nayo mimi mwenyewe. Konda mmoja aliitazama ramani akaniuliza kama ni mchoro wa kisima. Kariakoo, Mtaa wa Kongo una upana wa kutosha karatasini, na ardhini ulijaa meza za machinga kiasi kwamba nilipoikunjua niliwafunika watu watatu na soksi zao. Jangwani mvua ilinyesha, rangi ya printa ikachuruzika, na bonde likapanuka hadi Mapipa. Shangazi amerudi Tanga na ramani yenyewe, imefungia sufuria.

Sasa nina ombi, na nalielekeza kwa wenyeviti wa mitaa na watu wa manispaa. Kila ofisi ya mtaa ina ubao wa matangazo, na juu yake pamebandikwa ratiba ya usafi, michango ya ulinzi na kikao kilichopita mwaka jana. Bandikeni ramani ya mtaa. Ya 1:2,500, nyumba zionekane, mifereji ionekane. Mstari wa hifadhi ya barabara mnao ninyi kwenye mafaili, na wa bonde pia. Ichoreni juu yake kwa kalamu, mwandike na mita zake, mgonge na muhuri. Mtu aje na mfuko wake wa hati, aweke kidole kwenye paa lake, ajue leo alivyo mbali na mstari au alivyo ndani yake, kabla rangi haijafunguliwa. Ramani ya msingi ni ya bure, na karatasi kumi na mbili ni pesa ndogo kuliko chai ya kikao kimoja.